Walisema kibao yangu ya kushonea ni ya bulozi, mushono ukamutaja Mama Solange

Wakuu, hodi humu ndani.

Miye ni mama wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Nyinyi wa Kigoma mukisimama vizuri kwenye maji na mukikaza macho, mutaniona naanika nguo. Natania.

Kiswahili yangu ni ya hapa kwetu. Kusoma nilianzia ukubwani, masomo ya jioni, na pale pale njo (nyinyi munasema ndipo) nilijifunza coupe-couture, kukata na kushona nguo. Wanaopenda kusahihisha watu, musahihishe nyuma ya kumaliza kusoma.

Kuapa siapaki, imani yangu haitaki. Lakini hii ilinifikia miye mwenyewe, na mashahidi ni kundi nzima ya wamama wa parokia yetu. Wengine wako na simu kubwa kuliko yangu, wakiona nimeongeza chumvi watakuja kuniumbua humu.

Haya. Tuanze na kibao.

Najua nyinyi mukisikia kibao munafikiri mutu kuzabwa. Hapana. Hakuna aliyezabwa. Ilibakia kidogo tu.

Kwa wale hawashonaki: ukishaunga vitambaa viwili, mushono unabaki umevimba. Unapiga pasi, unalala. Unageuka kuangalia sufuria, umeamuka tena. Unapiga tena, unalala tena, unaamuka tena. Ni kama mutoto hataki sieste, ule usingizi wa muchana.

Sababu ni nini? Sababu kitambaa ingali moto. Ukiiacha ikapoa peke yake, inarudilia tabia yake.

Sasa kuko kibao. Ni kipande ya muti muzito, mukavu, haina vernis, ile rangi ya kung'arisha mbao. Unalowesha kitambaa kidogo, unapiga pasi, mvuke inatoka, unatoa pasi haraka, unaweka kibao pale pale na unafinya na uzito yako yote. Muti unakunywa ile mvuke, unafunga moto ndani, na mushono unapoa ukiwa umefinywa. Hauamuki tena. Unakuwa kama karatasi.

Nilionaga hii ku video, mama moja wa mbali anashona mablanketi ya viraka. Jina yake ya kizungu ni klapa. Miye naita kibao, kwisha.

Na nilikuwa nayo haja kweli, si mapambo.

Sababu yake hii: yule masela muzee, yaani sista, aliyetufundisha sisi wamama kusoma na kushona, alikuwa anarudi Moba kupumzika. Sikukuu ya parokia ikikwisha anapanda batau, ile meli ya ziwa, kwisha. Tukakubaliana kumushonea blanketi moja kubwa ya viraka. Kila mama analeta kipande ya kikwembe yake, yaani kitenge, ile anapenda zaidi. Wengine walileta ya ndoa. Miye niliweka ya marehemu mama yangu. Katikati, musalaba mweupe.

Na wote wakasema: Mama Neema, njo miye, atashona, juu (yaani sababu) darasani alikuwa anakaa benchi ya mbele.

Sasa munajua vikwembe. Moja ni nyepesi kama pumzi, ingine ni nzito kama gunia. Kuko mama moja alileta jinzi! Namuuliza, mama, jinzi njo kikwembe? Ananijibu, "Njo ile napenda zaidi." Nikaipokea.

Ukiunganisha hizo zote, pale pembe nne zinakutana panakuwa kilima. Masela akilalia ile, ataamuka na alama ku shavu. Kwa hiyo kibao.

Bwana yangu, Papa Neema, ni fundi wa mbao. Nikamuomba anichongee. Akanichongea vizuri sana, inashikika, inapendeza, lakini aliichonga na muti ya mukula.

Wakuu, mukula.

Kwa wale hawaijui, mukula ni ule muti mwekundu. Ukiukata unatoka utomvu kama umechinja mbuzi. Miye na mvuke yangu, nikaenda kuiwekelea juu ya kitambaa nyeupe ya kujaribia.

Nilipoinua, nilisema maneno ya kumusifu Mungu lakini si kwa sauti ya kumusifu Mungu.

Alama nyekundu, kubwa, ya duara, imeteremuka mpaka chini.

Namwita Papa Neema. Anaangalia. Anakuna kichwa. "Muti ni muzuri," anasema, "ni kitambaa yako njo inaogopa."

Wanaume.

Nikafua. Haikutoka. Nikaianika ku kamba, nikifikiria jua itaila kidogo.

Na hapa njo anaingia Mama Solange.

Mama Solange ni jirani. Kati ya lupango yetu, yaani kiwanja, na yake kuko ukuta ya matete, na ku ile matete kuko tundu moja, sijui ilitobolewa na nani, lakini iko sawasawa na urefu ya macho yake. Anauza ndagala (dagaa) soko, anaimba koro, ile kwaya ya kanisa, ni mutu wa kazi. Siwezi kumusema vibaya.

Kitu moja tu. Anasali mbio.

Kanisa nzima inajua. Sisi tukiwa katikati ya Baba Yetu, yeye amekwisha sema Amina na anatuangalia kama mutu alifika ku bandari mbele ya batau. Rozari yake inapita kama moto-taxi haina breki. Tulizoea.

Siku ile anachungulia, anaona kitambaa nyeupe na damu.

"Mama Neema! Mumechinja?"

Miye nimejaza pini mu mudomo, nashika kitambaa. Nikatikisa kichwa: hapana.

"Na ile nyekundu?"

"Muti," nikasema katikati ya pini.

"Muti inatokaka damu?"

"Mm."

"Mmm," akasema yeye pia. Lakini mmm yake na mm yangu hazikuwa moja.

Kesho yake Papa Neema akanichongea ingine. Safari hii alikata mutwangio ya zamani, muchi wa kinu, ile ilipasuka kichwa. Alichukua katikati, pale mikono inashikaka, si kule inatwangaka sombe, yaani kisamvu. Miaka yote mikono imeisugua mpaka inang'aa peke yake. Akalainisha upande moja. Ngumu, kavu, safi. Hii njo kibao yangu mpaka leo.

Sasa kuko shida ya muda. Ukiinua kibao mbele kitambaa haijapoa, kazi yote ni bure. Nilijaribu kuhesabu. Lakini nyumba yangu haikubali mutu kuhesabu. Nikifika kumi na nne mutoto anauliza chumvi iko wapi, naanza tena. Simu nayo, umeme yetu, ile inatoka mutamboni kule Bendera, ikikatika na batri inakatika.

Njo nikapata wazo. Baba Yetu.

Baba Yetu moja ya polepole, ya mutu anamaanisha, inatosha kabisa ku kikwembe. Ku jinzi, Baba Yetu na Salamu Maria. Pale pembe nne zinakutana, kwenye kile kilima, Nasadiki yote, kutoka mwanzo.

Na ninafunga macho, juu nikifungua naona vyombo havijaoshwa.

Na hakuna aliyewahi kunikatiza. Hata mutoto wa chumvi anangojaka Amina. Kazi inaendelea, roho nayo inashiba. Nikajiona miye ni mutu wa akili kweli.

Lakini fikirieni mutu akiwa ku tundu ya matete.

Anaona nini? Juzi kitambaa ya damu. Leo Mama Neema amefunga macho, ameegemea kipande ya muti na mikono mbili, mudomo unacheza, sauti haisikiki. Anainua. Anageuza kitambaa. Anacheka peke yake. Anaanza tena ku kikwembe ya mutu mwingine.

Hata miye ningekimbia.

Habari ilienda soko pamoja na ndagala. Mama Neema yuko na muti inakunywa damu. Mama Neema anaita jina ya mwenye kikwembe, anamufinya. Ukiumwa mugongo, ujue kipande yako imefika zamu.

Miye sikujua kitu. Nilishangaa tu kuona mama moja anakuja, anakaa, anakunywa maji, anasifia watoto. Halafu: "Mama Neema, nirudishie kile kipande yangu. Nataka kukifua kidogo."

"Nilikwisha kukifua, mama."

"Nakifua tena."

Kesho yake mwingine. Yeye yake nilikwisha kuishona, nikafumua. Na wa jinzi akarudi pia! Naye mugongo yake ilikuwa inamuuma. Mama anapakia magunia ya unga kila siku tangu sijaolewa, mugongo kumuuma leo ni kibao yangu.

Njo dada mudogo wa huyo mama wa jinzi akaniambia kweli yote.

Wakuu, nilikaa chini. Si juu ya kusengenywa, mutu akiishi na ukuta ya matete anazoea. Ni juu ya masela. Blanketi ilikuwa imekuwa na matundu kama nyavu. Sikukuu inakaribia. Yule muzee aliyenishika mukono nikaandika jina yangu mara ya kwanza, ataondoka mikono mitupu. Na miye nitabaki hapa na jina ya mulozi, na watoto wangu watalibeba nyuma yangu.

Nilisali. Nikalia kidogo. Nikasali tena.

Halafu nikainuka, na sijui roho gani ilinishika, lakini si ya utakatifu.

Asubuhi, nikiona kivuli imesimama ku tundu ya matete, nikatoa ile kibao ya kwanza, ya mukula. Nikaipangusa polepole na kitambaa. Nikaiweka ku meza kama mugeni. Nikaisalimia. Na nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Haya muzee, leo tumushone nani?"

Matete yalilia kama ng'ombe amepita. Nikasikia sahani ya ndagala imeanguka.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Papa Neema akatoka, akauliza kuna nini, nikamweleza. Hakucheka. Akasema, "Mama Neema, umejichimbia shimo na kijiko ya mapambo." Nami nikaendelea kucheka.

Alisema kweli. Mbele ya saa sita nikaitwa. Jumapili misa ikikwisha, nyuma ya kanisa, nilete ile kibao mbele ya wamama wote.

Jumapili nikaleta vibao vyote viwili, pasi ya makaa, makaa yenyewe, na mabaki ya kikwembe. Mutu akiitwa kujitetea aende na vyombo vyake.

Mama Prezidante, mwenyekiti wetu wamama wa parokia, ndiye alikaa mbele. Ni mama mukubwa wa sauti ndogo, na ile sauti ndogo njo inaogopeshaka.

Mama Solange alikuwa amesimama kando na kichupa ya maji ya baraka. Ameifungua tayari.

"Mama Neema," Mama Prezidante akasema, "wanasema uko na muti inatoka damu."

"Niko nayo, Mama. Njo hii."

Watu: "Iiiih!"

"Ni mukula," nikasema.

Halafu yule mama wa jinzi, Mungu amubariki, akapiga kelele: "Mukula! Aaa, ile iliharibu shati ya bwana yangu yote! Alipakia mbao zake ku lori, akarudi kama mutu wa bucha!" Watu wakaanza kukumbushana. Kila mutu alikuwa na shati yake.

Mama Solange akaona jambo inamutoroka. "Na ile anasemaka akifunga macho? Mama Prezidante, muulize ile!"

"Unasemaka nini, Mama Neema?"

"Baba Yetu."

"Juu ya nini?"

"Juu ya kuhesabu."

Sauti zikapanda. Wengine wanacheka, wengine wanauliza kama kuhesabu na Baba Yetu ni zambi. Mama Prezidante akainua kidole. "Tuonyeshe."

Nikawasha makaa, nikapanga mushono ku meza. Nikatafuta maji ya kulowesha kitambaa. Wakuu, maji nilikuwa nimesahau. Vyombo vyote, maji hapana.

Nikageuka. "Mama Solange, nipatie ile kichupa yako."

"Hii ni ya baraka!"

"Njo ninataka. Si uliileta juu ya kibao yangu? Tuinyunyize."

Hakuweza kukatala mbele ya watu. Nikanyunyiza ku kitambaa, nikasema Asante Yesu, nikaweka pasi.

Shhhhhhhh!

Mvuke ikapanda.

"INATOKA!" Mama Solange akaruka, akakanyaga mutu. "Muliona? Inatoka!"

"Ni maji yako njo inatoka, mama," nikamwambia. "Umeona pasi ya makaa leo?"

Wamama walicheka mpaka mwingine akaenda kushika mulingoti ya kengele.

Mama Prezidante hakucheka. Akasimama, akakunja mikono ya gauni, akasema, "Miye mwenyewe nitafinya." Nikamuwekea kibao ya mutwangio. Akafunga macho, akasali Baba Yetu kwa ile sauti yake ndogo, neno kwa neno, kama mutu anachambua muchele. Amina. Akainua.

Mushono ulikuwa umelala chapati.

Akaupapasa na kidole. Akaupitisha kwa wengine. Wakaupapasa. "Ee! Kumbe!"

Ningeweza kuacha pale. Mukristo muzuri angeacha pale.

"Mama Prezidante," nikasema, "naomba Mama Solange naye ajaribu. Asije kusema kibao inajua watu."

Akakubali. Mama Solange akaja na shingo juu. Nikanyunyiza, nikapiga pasi, nikamuwekea kibao. Akafinya. Na mudomo ukaanza: brrrrrrrrr-Amina. Akainua.

Sisi wote tukainamia meza.

Mushono ukaamuka. Mbele ya macho yetu, polepole, kama mutu amesikia anaitwa. Ukasimama. Ukavimba.

Halafu Mama Prezidante, bila kuinua sauti:

"Mama Solange. Uliruka wapi?"

"Sikuruka!"

"Mushono unasema uliruka."

"Kibao yake njo mbaya!"

"Njo ile ile nilishika miye. Rudia. Kwa sauti."

Nikapiga pasi tena. Mama Solange akaweka mikono juu ya kibao, akaanza kwa sauti, mbio yake ile ile, akapita pa mukate, na kutoka pa mukate akarukia moja kwa moja pa kishawishi.

Wamama wote kwa pamoja: "PA KUSAMEHE!"

Wakuu, sijui kama miaka hii yote alikuwa anaruka pale, ama ni siku ile mbio ilimuzidi. Miye najua tu alisimama na mikono juu ya kibao, na uso yake ikabadilika. Akaniangalia. Jasho ilikuwa inamutoka.

Nami nilikuwa nimejipangia neno moja kali sana. Nilikuwa nalo mu mudomo kama pini.

Nikalimeza. Lilichoma kidogo.

Nikasema, "Sogea kidogo, mama." Nikaweka mikono yangu juu ya yake. "Twende pamoja. Polepole. Kitambaa ingali moto."

Tukasali. Pale pa kusamehe akasimama kidogo, miye pia nikasimama. Niliona haya, juu nilikumbuka "tumushone nani". Tukamaliza. Tukainua.

Chapati.

Kabla jua haijalala wote walikuwa wamerudisha vipande. Mama wa jinzi alileta na ya pili! Siku zilizobaki Mama Solange alikuja kila jioni kunifinyia mishono, mikono yake ni mizito kuliko yangu, sikatali. Masela alipopewa blanketi, alipapasa pembe, zile za Nasadiki, akaangalia upande ya ndani kama mwalimu, akasema, "Nani aliwafundisha kulaza mushono hivi?" Tulicheka tu, yeye hakujua kwa nini, akacheka pia. Akaondoka nayo Moba.

Nilijifunza nini? Kibao iwe muti mugumu, mukavu, bila vernis, na isiwe mukula hata bwana yako akisema ni kitambaa inaogopa. Usiinue mbele haijapoa. Ukiwa na pini mu mudomo usijibu jirani. Na ukiona kivuli ku matete, usiongee na mbao. Hii ya mwisho najifunza bado.

Mama Solange naye Papa Neema amemuchongea yake. Juzi nilipita kwenye matete, nikasikia ananong'ona. Nikaweka jicho ku tundu. (Sasa urefu yake ni yangu pia, nakanyaga tofali.) Alikuwa ameegemea kibao, macho yamefungwa, anaenda polepole kama mutu anavuka maji. Nikangoja. Pale pa kusamehe hakuruka. Nikashuka ku tofali mbele hajaniona.

Ile ya mukula inazuia mulango yangu isifunge na upepo. Mama Solange akija, anaizunguka.

Sasa nyinyi mafundi wa humu, munahesabuka na nini pale munafinya mushono? Na wale wa dini zingine, munasali nini, ya urefu gani, ku jinzi? Niandikieni hapa chini.

Ila musiruke mustari. Nitajua.